Chekeche

Tatizo lilinifikia likiwa na namba, halina jina:
kalavati 27, Todmorden, huziba.
Nikachonga penseli. Nikauliza
mvua ya miaka mia ina ujazo gani,
kompyuta ikajibu upesi, kama mwanafunzi
anayetaka mwalimu amwone.

Kijito huteremka mlimani, hupita nyuma ya kiwanda cha pamba
kilichogeuzwa nyumba za kupanga,
kisha huzama chini ya barabara.
Mdomoni pa giza hilo tuliweka chekeche:
nondo kumi na mbili, wima kama askari,
zizuie matawi, matairi, na siku moja godoro.
Kwenye karatasi lilipendeza.

Oktoba ikapukutisha bonde zima.
Majani yakabandikana kwenye nondo, jani juu ya jani,
kama mabango ya uchaguzi,
hata maji yakakosa pa kupenya,
yakageuka, yakashika njia ya jiko la Bi Doreen Uttley.

Nikapanua nafasi za nondo. Godoro la pili likapita,
likakwama ndani, mkono wa mtu usikofika.
Nikazirudisha. Nikatundika kamera.
Kamera ikatuonyesha vizuri sana, kwa rangi,
namna tunavyoshindwa.

Hesketh, bosi wangu, akaitazama ramani ya nne:
"Hii imelala pakavu, Mwanaidi. Nenda ukalowe."

Saa nane za usiku, mvua ya mlazo.
Bi Doreen alikwisha fika kabla yangu,
miaka sabini na mitatu, koti la marehemu mumewe,
tochi mdomoni, reki mikononi,
mguu mmoja ukingoni, wa pili juu ya jiwe
ambalo mimi, katika ramani nne, sikuwahi kulichora.

Sikumsemesha. Nilihesabu.
Kila alipovuta mara tatu, mara moja ilinasa:
meno ya reki na nondo zangu hayakuelewana.
Mawili alikuwa ameyapinda kwa nyundo.
"Zenu hazisogei," alisema, tochi sasa kwapani,
"basi nimesogeza yangu."
Na maji yalipopanda, takataka hazikupanda nayo;
zilibanwa palepale, umati kwenye mlango mmoja.

Kitanda usichokilalia, wanasema.
Mimi nilikitandika, nikapiga na mashuka pasi,
kunguni nikamwachia yeye.

Nikaomba reki. Akaniazima shingo upande.
Nikapima meno kwa futi ya chuma, kwanza yale mazima,
kisha yaliyopindwa,
maana hayo ndiyo yaliyokuwa na habari.

Ramani ya tano ilianzia miguuni:
pa kusimama, upana wa buti mbili na kuteleza kidogo;
kisha mkono wa mwanamke mfupi, pamoja na mpini;
kisha nondo, nikazilaza chali, nyuzi arobaini na tano,
maji yakipanda yapande na majani yao
mpaka kwenye ncha ya reki.
Mvua ya miaka mia niliiita mwisho kabisa.
Ikakaa kwenye nafasi iliyobaki. Ikaenea.

Januari kijito kilikuja kimefura.
Maji yalifika kidato cha pili cha Bi Doreen,
yakasitasita, yakarudi.
Ila ukuta wake wa nyuma uliloa kutoka chini,
na hilo bado silielewi.

Nilipopita kumuuliza, hakunishukuru.
Alisema reli ile ya kushikia inauma kwa baridi,
na aliyeiweka, bila shaka, hushika vitu mchana tu.

Wiki iliyofuata niliikuta imevishwa sufu nyekundu,
imefumwa kwa mkono, mita moja na nusu,
fundo kila upande.
Hesketh akataka itolewe: haimo kwenye vipimo.
Nikafungua ramani, nikaandika Toleo la Sita,
nikachora mshale hadi kwenye reli,
na kando yake, kwa herufi zetu zile zilizonyooka:
sufu.